Brandywine Museum of Art: Baba, Mwana na Kilima Kimoja

Ni makumbusho machache ya sanaa yanayomwezesha mtu kuitazama picha ya mandhari ukutani, kisha akatoka nje na baada ya safari fupi ya basi akasimama mbele ya kilima kile kile kilichochorwa. Brandywine Museum of Art, yaliyoko Chadds Ford katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kusini-magharibi mwa jiji la Philadelphia, ni mojawapo ya hayo machache, na kwa maoni yangu hakuna mahali panapofaa zaidi kwa mtu anayetaka kumwelewa Andrew Wyeth, mchoraji aliyezaliwa katika kijiji hicho tarehe 12 Julai 1917 na kufariki humo humo tarehe 16 Januari 2009. Nasema hivyo kwa sababu moja mahususi: hapa mwana haonyeshwi peke yake. Anaonyeshwa pamoja na baba yake, N. C. Wyeth, na pamoja na ardhi ambayo wote wawili waliichora, na ukiwaona kwa mpangilio unaofaa, baba kwanza, mwana baadaye na ardhi mwishoni, ndipo utulivu wa picha za mwana unapoanza kueleweka.

Tathmini hii inahusu jengo la makumbusho pamoja na ziara za kuongozwa za maeneo matatu yaliyo chini yake, yaani nyumba na studio ya baba, studio ya mwana, na shamba la Kuerner, ambalo mwana alilichora mara nyingi. Mgeni anayeishia kwenye kumbi za picha ataondoka ameridhika, kwa kuwa picha ni nzuri na zimepangwa kwa heshima, lakini atakuwa amekosa nusu ya jambo, na pengine nusu iliyo bora.

Jengo lenyewe lilikuwa kinu cha kusagia nafaka, kilichojengwa mwaka 1864 kando ya kijito cha Brandywine. Katika miaka ya 1960 ardhi ya bondeni ilikuwa hatarini kugeuzwa eneo la viwanda, na mwaka 1967 baadhi ya wakazi wakaanzisha shirika la kuhifadhi ardhi na maji ya bonde hilo, ambalo ndilo lililokigeuza kinu kuwa makumbusho na kuyafungua kwa umma mwaka 1971. Historia hiyo ina uzito mkubwa kwa anayekuja kutazama picha za mandhari, kwa sababu shirika linalozitunza picha ndilo linalotunza pia mashamba, miti na kingo za mto zilizomo ndani yake. Mandhari ya wachoraji wengi wa zamani yamebaki kwenye turubai tu, barabara na majengo yamekwisha kuyafunika. Ya Wyeth bado yanaweza kutembelewa kwa miguu. Kuta za vioo zinazotazama mtoni humfanya mgeni akutane na maji na miti kila anapotoka ukumbi mmoja kwenda mwingine, na huo ndio uamuzi wa kiusanifu ninaoupenda kuliko wote katika jengo hili. Ukaribu na mto una gharama zake, bila shaka: mwezi Septemba 2021 mabaki ya kimbunga Ida yalileta mafuriko yaliyoingia sehemu za chini za makumbusho, ingawa mkusanyo wa sanaa ulisalimika.

Ushauri wangu ni kuanza na baba. N. C. Wyeth alizaliwa Needham, Massachusetts, mwaka 1882, na mwaka 1902 akaja upande huu wa nchi kusoma kwa Howard Pyle, mchoraji mashuhuri wa picha za vitabu na majarida. Mwaka 1911, kwa malipo aliyoyapata kwa kuchora picha za kitabu cha Treasure Island, akanunua ardhi Chadds Ford na kujenga nyumba na studio. Picha zake za vitabu zilikuwa za rangi za mafuta kwenye turubai kubwa sana, ambazo baadaye zilipunguzwa ili zitoshe ukurasa, na anayezijua kupitia vitabu pekee atashtuka akizikuta kwa ukubwa wake halisi. Mwili wa mtu hujaza fremu nzima, mwanga huangukia upande mmoja, kivuli hubeba nusu ya habari, na rangi imepakwa nene kwa mkono usiositasita. Ni sanaa inayozungumza kwa sauti ya juu, inayotaka kumshika msomaji kijana na kumtia ndani ya hadithi kabla hajasoma hata mstari mmoja.

Kati ya kazi za baba zilizo mali ya makumbusho haya, kuna moja ambayo naomba kila mgeni aitengee muda wa kutosha. Inaitwa In a Dream I Meet General Washington, ya mwaka 1930, na ndani yake N. C. Wyeth amejichora akiwa juu ya jukwaa la kuchorea, akizungumza na George Washington aliyepanda farasi, huku nyuma yao yakiendelea Mapigano ya Brandywine ya vita vya kupigania uhuru wa Marekani, yaliyopiganwa katika bonde hili tarehe 11 Septemba 1777. Yote hayo ni ya kuvutia, lakini teremsha macho hadi chini upande wa kushoto. Hapo yupo mvulana mwenye nywele nyepesi, ameinamia karatasi yake, anachora, wala hajishughulishi na jenerali wala vita. Mvulana huyo ni Andrew. Baba alikwisha kumwona mwanawe kama mchoraji mwenzake, na akampa nafasi ndani ya ndoto yake; jambo hili litakuwa na maana nyingine utakapofika kwenye kilima.

Kutoka hapo basi dogo la makumbusho huwapeleka wageni kwenye nyumba na studio ya N. C. Wyeth. Studio ndiyo kiini cha ziara hii. Dirisha lake kubwa linatazama kaskazini, upande ambao mwanga wake haubadiliki sana kwa siku nzima, na mwaka 1923 iliongezwa sehemu ndefu ya kuchorea michoro mikubwa ya ukutani. Vifaa alivyovitumia kama vielelezo bado vimejaa: silaha za kale, mifano ya meli, mavazi. Mwongozaji alieleza kila kitu kwa ufasaha na bila haraka, na alijua kunyamaza wageni walipotaka kutazama tu, sifa ambayo si kila mwongozaji anayo.

Katika chumba hiki ndipo Andrew alipofundishwa. Alikuwa mtoto mwenye afya dhaifu, akasomeshwa nyumbani, wala hakupitia chuo chochote cha sanaa. Alipofikia ujana baba alimwingiza studioni kama mwanafunzi rasmi na kumpa kazi zisizo na mvuto wowote kwa kijana: kuchora michemraba, tufe, sanamu za plasta, kisha mifupa ya mwili wa binadamu, na baadaye kuichora upya kwa kumbukumbu bila kuitazama. Zaidi ya ufundi, baba alitaka watoto wake wakae na kitu mpaka wakihisi uzito wake, na alikuwa msomaji wa dhati wa Henry David Thoreau, mwandishi aliyetetea maisha ya karibu na maumbile. Nyumba hii ilitoa wachoraji watatu, Henriette, Carolyn na Andrew, pamoja na mtunzi wa muziki, Ann, na mhandisi, Nathaniel, ambaye jina lake linahusishwa na uvumbuzi wa chupa ya plastiki ya aina ya PET. Nathaniel hakushika brashi, lakini inaonekana tabia ya kukikodolea kitu macho hadi kitoe siri yake haikumpita hata yeye.

Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Andrew alikitazama cha baba kwa makini, kisha akachukua njia nyingine, na hilo linaonekana wazi unapofika kwenye studio yake.

Studio ya Andrew Wyeth ni jengo la shule ya zamani lililojengwa mwaka 1875, alilolitumia kuanzia mwaka 1940 hadi mwaka 2008. Betsy, mkewe, ndiye aliyelikabidhi kwa makumbusho, na wageni walianza kuingia mwaka 2012. Mlangoni kuna tangazo linaloomba Andrew asisumbuliwe kwa kuwa yuko kazini, na kueleza kwamba hatoi saini. Ndani hakuna fahari yoyote. Plasta ya kuta imepasuka, michoro ya penseli imetapakaa, wanasesere wa askari wamejipanga, na kwenye eneo la kazi kuna makopo ya rangi za unga na trei za mayai. Mayai hayo ndiyo ufunguo wa chumba kizima, na naona inafaa nikae hapo kidogo, kwa sababu asiyeelewa kazi ya mayai hayo hawezi kuelewa kwa nini nyasi za Wyeth zinafanana na nyasi kweli.

Tempera ni rangi inayoshikiliwa na kiini cha yai. Kiini hutenganishwa na ute, utando wake hutobolewa, na kioevu kinachotoka huchanganywa na maji safi na rangi ya unga, kiasi kidogo kidogo, kwa kuwa mchanganyiko huo haukai. Hupakwa kwenye ubao mgumu uliotangulia kufunikwa kwa tabaka nyeupe za jeso, yaani mchanganyiko wa unga wa chaki na gundi. Tofauti na mafuta, ambayo mchoraji anaweza kuyasogeza na kuyalainisha kwa saa nyingi, tempera hukauka karibu papo hapo, kwa hiyo rangi mbili haziwezi kuchanganywa juu ya ubao. Ni lazima mchoraji apige mstari mwembamba, kisha mwingine juu yake au kando yake, maelfu kwa maelfu, mpaka mistari yenyewe ijenge umbo. Picha moja huchukua miezi. Matokeo yake ni uso mkavu, usiong'aa, wenye kina kinachotokana na subira tupu. Aliyemfundisha Andrew njia hii ni Peter Hurd, mume wa dada yake Henriette na mwanafunzi wa baba yake, na jambo linalonigusa ni kwamba baba naye, akiwa mtu mzima mwenye jina kubwa, aliijaribu tempera katika miaka yake ya mwisho. Ushawishi katika familia hii haukutiririka kwa upande mmoja tu.

Kabla ya hapo Andrew alikuwa amekwisha kupata sifa kwa rangi za maji. Onyesho lake la kwanza la peke yake, lililofanyika katika jumba la sanaa la Macbeth mjini New York mwaka 1937 alipokuwa na umri wa miaka 20, liliuza kila picha. Kijana mwingine angeng'ang'ania kilichomletea fedha. Yeye aliingia kwenye tempera na kwenye brashi kavu, ambayo ni njia ya kutumia rangi za maji baada ya kuikamua brashi mpaka ibaki na unyevu kidogo sana, ili kila unywele wake uache alama yake. Rangi za baba, zile nyekundu na bluu zenye nguvu, zilitoweka. Zikabaki rangi za udongo: kahawia, kijivu, njano ya majani makavu, nyeupe ya theluji chafu. Hadithi nayo ilitoweka, au tuseme ilijificha. Alipenda kuchora majira ya mapukutiko na ya baridi, wakati miti imevua majani na umbo la ardhi limebaki wazi, na ukisimama kwenye bonde hili mwishoni mwa mapukutiko utakubali kwamba hakuzipunguza rangi kwa huzuni tu. Ndivyo ardhi ilivyo.

Shamba la Kuerner ndilo kituo cha mwisho, na libaki la mwisho. Karl Kuerner alikuwa Mjerumani aliyepigana Vita vya Kwanza vya Dunia kabla ya kuhamia Marekani, na Andrew alianza kuzunguka shamba lake tangu ujana, akalirudia kwa zaidi ya miaka 70 katika picha na michoro mingi mno. Nyumba ni ya kawaida, ghala ni la kawaida, na ndani ya ghala kuna hori la maji ambalo aliwahi kulifanya kitovu cha picha. Mgeni aliyezoea mandhari ya milima mirefu na maporomoko atajiuliza mchoraji huyu aliona nini hapa. Jibu liko mbele ya nyumba: kilima kirefu cha nyasi, kisicho na mti wala jiwe la kukumbukwa.

Tarehe 19 Oktoba 1945 gari la N. C. Wyeth lilikwama kwenye kivuko cha reli karibu na shamba hili, likagongwa na treni. Alifariki pamoja na mjukuu wake mdogo, mtoto wa Nathaniel. Kivuko kiko upande wa pili wa kilima. Majira ya baridi yaliyofuata Andrew alichora Winter 1946, picha ya tempera ambayo ndani yake mvulana anateremka kilima hicho mbio, amefuatwa na kivuli chake, kwenye nyasi za kahawia zilizobakiwa na theluji kidogo tu. Kaburi halimo, treni haimo, baba hayumo. Baadaye Andrew alieleza kwamba alijuta kutowahi kumchora baba yake, na kwamba kilima chenyewe kiligeuka kuwa picha yake. Nikiwa hapo chini nikiinua macho, nilielewa kwa nini kilima kimechorwa kikubwa kiasi kile, kikiziba karibu anga yote: hivyo ndivyo kinavyomzidi mtu anayekitazama kutoka bondeni. Baba alikuwa amempa mwana kona ya turubai. Mwana alimpa baba turubai nzima, bila kuonyesha uso wake. Sijui njia bora zaidi ya kujifunza kwamba mandhari yanaweza kubeba mtu.

Ukirudi kwenye jengo kuu baada ya shamba, nenda kazitazame upya picha za Andrew, hata kama ulizipitia asubuhi. Nilifanya hivyo, na picha iliyonibadilikia zaidi ni Pennsylvania Landscape ya mwaka 1942, aliyoichora wakati baba yake bado yu hai. Mti mkubwa wa mkuyu wa Marekani, usio na majani, umesimama katikati na kutandaza matawi yake juu ya bonde pana ambalo mchoraji amelikusanya kutoka sehemu kadhaa badala ya kulinakili kutoka mahali pamoja. Kule kupanga vitu mbalimbali viwe jukwaa moja ni ufundi wa mchoraji wa vitabu, yaani ufundi wa baba. Lakini tazama gome la mti kwa karibu, kadiri walinzi watakavyokuruhusu: mabaka yake meupe na ya kijivu yamejengwa kwa mistari midogo isiyohesabika, na hapo hakuna mwalimu anayeonekana, ni mtu na mti tu. Wahakiki wa katikati ya karne ya 20, walioipenda zaidi sanaa dhahania, walimwona Wyeth kuwa mchoraji wa vitabu aliyejificha mashambani. Mimi naona walisema nusu ya kweli na kuidharau bila sababu, kwa kuwa mafunzo ya kusimulia ndiyo yaliyomwezesha kuchora shamba tupu likaonekana kama mahali ambapo jambo limetoka kutokea.

Kazi za Jamie Wyeth, mwana wa Andrew aliyezaliwa mwaka 1946, zipo pia, na picha yake kubwa ya nguruwe ni kipenzi cha watoto. Ni mchoraji wa aina nyingine, karibu zaidi na babu yake kwa rangi na ucheshi, na anastahili ziara yake mwenyewe.

Kuhusu mambo ya kupanga safari, ziara za studio na shamba hufanyika kwa misimu na kwa makundi madogo, kwa hiyo ni lazima kuuliza ratiba na kuhifadhi nafasi mapema. Anayeweza kuchagua aje mwishoni mwa mapukutiko, kabla ziara hazijasitishwa kwa ajili ya baridi, kwani wakati wa kiangazi kijani kingi hulificha bonde ambalo Andrew alilichora. Vaa viatu vya kutembelea kwenye nyasi. Kazi za rangi za maji na brashi kavu haziwezi kuachwa ukutani muda mrefu kwa sababu mwanga huziharibu, na hivyo kinachoonyeshwa hubadilika. Mwenye picha moja mahususi moyoni aulize kwanza. Afahamu pia kwamba Winter 1946 iko katika makumbusho ya sanaa ya North Carolina mjini Raleigh, na Christina's World ya mwaka 1948, picha ya Andrew iliyo mashuhuri kuliko zote, iko katika Museum of Modern Art mjini New York, ambayo iliinunua kwa dola 1,800 tu.

Kwa mwanafunzi wa uchoraji, mwalimu wa sanaa, au mzazi ambaye mtoto wake ameanza kuchora, napendekeza ziara hii bila kusita. Anayetafuta rangi kali na matukio makubwa atayapata kwa baba, na huenda kwa mwana akachoka. Huyo atosheke na makumbusho peke yake. Wengine wote wahifadhi kwanza nafasi za studio mbili na shamba, halafu ndipo wapange siku ya kuingia kwenye kumbi za picha.